Miaka Yangu ya Kuwaomba Watu Choo

Siku ya kwanza nilipotumwa kijijini kwa kazi ya utafiti, nilifika kwenye mji mmoja, boma la familia, huko Ushetu, nikasalimia, nikapewa kigoda, nikaeleza kwa heshima zote kwamba nimetoka hospitali na nimekuja kuomba choo. Mama mwenye mji alinitazama kwa huruma, akainuka haraka, akanishika mkono.

"Pole, mayu. Mbona hukusema mapema? Kiko kule, nyuma ya bani la kukaushia tumbaku. Maji utayakuta mlangoni."

Mtu akikuita mayu, yaani mama, na kukushika mkono hivyo, humkatalii. Nilienda, nikasimama humo chooni kidogo kwa adabu, nikarudi, nikaanza upya. "Mama, sikuja kuomba choo cha kuingia. Nimekuja kuomba choo cha kutoka."

Alicheka mpaka akakaa chini. Alipoelewa, akaahidi, na kesho yake alitimiza. Alinitumia mfuko wa rambo uliojaa, umefungwa vizuri juu kwa kamba ya katani. Nilikuwa nimesahau kumwambia kwamba kinachotakiwa ni cha kuchovya kijiti tu.

Vijana wangu, nyie mnaoanza kazi hii mna mambo mengi rahisi. Mna vijiti vyenye kichupa chake, mna simu, mna majibu yanayotoka mkiwa bado mnaongea na mgonjwa. Mimi ni nesi mstaafu, Milembe kwa jina, Mama Shija kwa wote waliofanya kazi nami. Nimezunguka Ushetu, Segese, Ushirombo na machimbo ya upande wa Geita nikiomba watu wanipe kitu ambacho mtu hampi hata ndugu yake. Mmetaka nisimulie. Nitasimulia, ila msitegemee nianze mwanzo nimalize mwisho. Kazi yenyewe haikwenda hivyo.

Utafiti ule ulikuwa wa Daktari Mwombeki, mpasuaji, Mhaya mmoja mrefu, mpole, anayevaa koti la sufu hata jua likiwa utosini. Alikuwa amechoka. Aliniambia siku moja tukinawa mikono: "Mama Shija, nimechoka kufungua tumbo na kulifunga tena bila kugusa kitu." Wagonjwa walikuwa wanamfikia saratani ya utumbo mpana imeshasambaa hadi kwenye ini. Na hawakuwa wazee. Walikuwa watu wa umri wa kulima, wengine na watoto wa kunyonya. Vitabu vilisema huu ni ugonjwa wa wazee wa nchi za mbali. Yeye alitaka kujua: je, hapa kwetu tunaweza kuukamata mapema, ungali kinyama kidogo ndani ya utumbo, kwa kutafuta damu ambayo jicho halioni kwenye choo?

Swali zuri. Kulijibu ndiko kulikotupa vituko.

Kipimo chetu cha kwanza kilikuwa vikadi vya karatasi. Unapaka choo, unadondosha dawa, ikigeuka bluu kuna damu. Tatizo ni kwamba kadi haikujua damu ya mtu na damu ya ng'ombe. Mtu alitakiwa aache nyama kwanza kabla ya kupima. Mwambie Msukuma aache nyama msimu wa harusi! Kuna kijiji nilipima, karibu kila kadi ikageuka bluu. Daktari alishika kichwa, akadhani tumekuta janga. Ndipo mwenyekiti wa kijiji akatuambia kwamba Jumamosi alimwoza binti yake, na mafahali waliochinjwa hakuwataja idadi kwa sababu si vizuri kujisifu. Tuliyatupa majibu yote tukaanza upya. Baadaye vilikuja vijiti, vinavyotambua damu ya binadamu peke yake, na mimi nikarudi vijijini kutangaza kwamba sasa nyama ruksa. Nilipokelewa kama mbunge.

Lakini vijiti navyo vina yake. Havipendi joto. Ukiviacha kwenye buti la gari pale Kahama mwezi wa kumi, vinaharibika na majibu yanadanganya. Vibebeni kwenye boksi la barafu, na boksi likae kivulini. La pili, huku kwetu kuna kichocho na kuna minyoo, na vyote vinatoa damu tumboni. Ukimtisha kila mwenye damu kwamba ana saratani, utaua watu kwa hofu. Tukajifunza kumpa mtu dawa za kichocho na minyoo kwanza, tukasubiri, tukapima tena. Ambaye damu yake haikukatika, huyo ndiye tulimpeleka kwenye kamera, ule mpira mwembamba unaopitishwa nyuma kuutazama utumbo kwa ndani. Hicho ndicho utafiti wetu ulichokuja kuonyesha, na kwangu ndicho kilikuwa kazi nzuri kuliko zote nilizofanya.

Aliyenifundisha kuuliza alikuwa Sista Adelina, nesi mkuu wetu, mama mfupi mwenye sauti ya chini. Alinikuta nikimuuliza mzee mmoja, "Unatoka damu?" na mzee akijibu hapana, na mimi nikishukuru. Akanivuta pembeni. "Choo chake kina shimo na giza. Ataionea wapi damu? Muulize kama suruali inamlegea. Muulize kama anachoka akipanda baiskeli mahali ambapo mwaka jana alikuwa hachoki. Mtazame viganja kama vina damu." Kisha akaniambia neno ambalo nawaachia na nyie: "Na mtu akikwambia ana bawasiri, usikubali mpaka umeona bawasiri." Nimewaona wengi waliotibiwa bawasiri kwa majani, kwa poda, kwa sindano, na bawasiri haikuwahi kuwepo.

Sasa niwasimulie habari ya mji wa Ngassa, maana ndiyo mliyoisikia nusu nusu.

Marehemu Ngassa alikuwa mkulima wa tumbaku huko Ushetu. Mimi sikumkuta. Nilimkuta mjane wake, Bibi Kabula, na wajukuu wake wawili wakubwa, Maganga na dada yake Holo. Nilimkuta pia Mzee Masele, mdogo wake Ngassa wa tumbo moja, ambaye ndiye aliyekuwa na kauli ya mwisho pale mjini.

Kijiti cha Maganga kilionyesha damu. Tukampa dawa za kichocho na minyoo, tukapima tena, damu ipo. Alikuwa kijana, hajafika arobaini, mwenye mabega ya mtu wa kazi, lakini viganja vyake vilikuwa vyeupe kama unga wa muhogo. Nikamwandalia safari ya kamera katika hospitali kubwa. Siku ya safari hakutokea. Nikaambiwa amekwenda Segese, machimboni.

Nilimweleza Daktari Mwombeki. Hakukasirika. Aliniuliza tu, "Baba yake alikufa na nini?"

"Wanasema tumbo."

"Na ndugu zake?"

"Kaka yake naye, tumbo."

Akavuta kiti, akakaa. "Rudi ukaulize. Si baba na kaka tu. Panda juu mpaka kwa babu, na kwa wazazi wa babu. Uliza kila mtu alikufa na nini na alikuwa na umri gani. Kuna saratani ya utumbo inayotembea ndani ya damu ya ukoo. Ikiwa ndiyo hii, Maganga hayuko peke yake."

Nikarudi Ushetu. Mzee Masele alinipokea vizuri, tukasalimiana kwa Kisukuma, mwadila, mhola duhu, akaniagizia uji wa ulezi. Nilipouliza habari ya waliokufa, uso wake ulijifunga.

"Hao hawakuugua, nesi. Hao waliliwa."

"Na nani, mzee?"

Alielekeza kidevu upande wa mashariki, nje kabisa ya boma, palipokuwa na kijumba cha nyasi chenye moshi mwembamba. Nilielewa. Walikuwa wamekwenda kwa mganga, ramli ikapigwa, ikasema anayewamaliza yumo ndani ya mji, na ni mwanamke, na amezeeka. Bibi Kabula alikuwa amezika mume, mtoto wa kiume, binti na mjukuu. Watu walijiuliza kwa nini yeye hafi.

Nilikwenda kwenye kile kijumba. Bibi alikuwa amekaa juu ya ngozi ya mbuzi akimenya karanga. Nilipopiga goti kumsalimia, mikono yake ilisimama.

"Umekuja kunitazama kama wao?"

"Hapana, bibi. Nimekuja kukuuliza habari za mume wako."

"Mume wangu?" Alinitazama kama nimemuuliza habari za mtu aliyeonana naye asubuhi. "Hakuna aliyeniuliza habari za Ngassa tangu tumzike."

Akasimulia. Ngassa alikonda, akaanza kukataa ugali, akawa na kitu kigumu hapa, na Bibi akajishika upande wa kulia wa tumbo. Alikuwa bado hajaota mvi. Mama yake Ngassa alikufa akitokwa na damu ya uzazi wakati uzazi ulishakatika. Kaka yake mkubwa Ngassa alifungwa choo mpaka akafa. Kisha watoto. Mwanaye, baba yake Maganga, kama baba yake vile vile. Binti yake, kama yule bibi mzaa baba. Aliwataja mmoja mmoja bila kulia, akiendelea kumenya karanga, na mimi nikawahesabu kwa vidole, kwa sababu Daktari alishanitajia magonjwa hayo mawili, utumbo na mji wa mimba, kwamba hupenda kufuatana katika ukoo wa namna hiyo. Na yote yalitoka upande wa Ngassa. Bibi Kabula aliolewa pale akitokea Ushirombo. Hakuwa hata na tone la damu ile.

Nilipoinuka kuaga, akaniambia, kwa sauti ile ile, "Ukipita mlangoni angalia mguu." Niliangalia. Pembeni ya kizingiti palikuwa na panga.

"La nani, bibi?"

"Sijui. Nimeamka nimelikuta limelazwa hapa. Nimelisogeza nisije nikajikata."

Vijana wangu, kuna mambo hayamo kwenye mafunzo ya utafiti. Mimi sikurudi barabarani. Nilikwenda moja kwa moja kwa mtendaji wa kijiji, nikamweleza nilichokiona, nikakaa pale mpaka akamwita kamanda wa mgambo mbele yangu, na mpaka wakakubaliana Bibi alale kwa jirani mmoja wa kanisani. Ndipo nikapanda bodaboda kwenda Segese. Siku ile niliona wazi kwamba nikimkosa Maganga, nitapoteza wawili, yeye na bibi yake.

Nilimkuta kwenye karasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu, zinazolia mpaka unasikia kwenye meno. Alikuwa amekaa pembeni ya gunia, anahema. Wenzake walikuwa wakibeba, yeye amekaa.

"Shikamoo, Mama Shija."

"Marahaba. Maganga, umetukimbia."

"Sijakimbia. Nimefuata riziki."

"Riziki gani hiyo unaifuata umekaa?"

Alicheka kidogo, akainamisha kichwa. Tukasogea mbali na kelele.

"Mama, mimi ni mwanaume," akasema. "Hiyo kamera inapita wapi?"

"Unajua inapopita."

"Basi."

"Basi nini?"

"Basi ndiyo hivyo. Nikirudi hapa duarani, kwenye mashimo, wenzangu wataniitaje?"

"Watakuita Maganga, kama utakuwepo wa kuitwa."

Ndipo akasema kile kilichokuwa chini ya hicho. "Na hata mkinitibu tumbo, atanimaliza kwa njia nyingine. Unamjua ninayemsema."

Nikamweleza yote. Ngassa, mama yake Ngassa, kaka yake Ngassa, baba yake, shangazi yake. Nikamwambia aliugua vipi huyu, na huyu aliugua vipi. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Bibi hajawahi kutuambia haya."

"Mlimuuliza?"

Alivua kofia, akaishika mapajani, akaitazama muda mrefu. Kisha akauliza kama kwenye hiyo kamera mtu anakuwa macho au amelala.

"Unachomwa dawa, unasinzia. Ukiamka unaomba chai."

"Holo naye apimwe?"

"Naye."

"Basi tutakwenda wote. Yeye ataniona, mimi nitamwona, hakuna wa kumcheka mwenzake."

Walikwenda wote. Sitawaficha, ile dawa ya kusafisha tumbo ndiyo mtihani. Holo aliniambia afadhali uchungu wa kuzaa, maana huo angalau mwisho wake unapata mtoto. Waandaeni watu kwa hilo, waambieni ukweli, na hakikisheni choo cha wodi kina maji kabla ya dawa kunywewa. Hospitali nyingi zinasahau hilo la mwisho.

Holo alikutwa na vinyama viwili, vidogo, vyenye shingo. Daktari alivikata pale pale kwa waya, akavitoa, na habari yake ikaisha kwa siku ile. Maganga alikutwa na uvimbe upande wa kulia, pale pale Bibi aliponionyesha kwenye tumbo la mumewe. Maabara ilisema ni saratani. Nilikuwepo Daktari alipofungua tumbo. Aliingiza mkono, akapapasa ini, akapapasa tena, taratibu. Kisha akaniangalia juu ya barakoa.

"Ini ni laini, Mama Shija. Hatufungi leo."

Akakata kipande cha utumbo, akaunganisha. Sijawahi kumwona mtu akishona kwa furaha vile.

Maganga alipopata nguvu, Daktari alikwenda naye Ushetu. Mji mzima ulikaa uani, na Bibi Kabula aliletwa, akakalishwa mwisho, karibu na zizi. Daktari alieleza kwa Kiswahili, mimi nikatafsiri kwa Kisukuma pale wazee walipopotea. Alisema kuna kasoro inayorithiwa, mzazi anaweza kumpa mtoto bila kujua, kama anavyompa pua. Wengine wanaipata, wengine wanaikosa. Anayeipata si lazima augue, ila anapaswa kuchunguzwa mapema na mara kwa mara, kabla kinyama hakijawa saratani.

Mzee Masele alisimama. "Kwa hiyo unasema ugonjwa huu mwenyewe ni nani?"

"Hauna mwenyewe, mzee. Umekuja na damu ya mama yake Ngassa."

"Mama yake Ngassa ni mama yangu mimi."

"Ndiyo, mzee."

Nilisikia ng'ombe wakicheua. Masele alibaki amesimama, mkono umeshika fimbo, na nikaona uso wake ukitoka kwenye hasira ukiingia mahali pengine. Miaka mingi alikuwa akiogopa mchawi. Sasa alikuwa anajihesabu mwenyewe.

"Kwa hiyo hata mimi," akasema.

"Hata wewe. Na watoto wako."

Akakaa. Baada ya kitambo aliniita kwa mkono, nikainama, akaninong'oneza, "Nesi, hicho choo, nikilete lini?"

Singependa mdhani kila kitu kilinyooka. Kuna watu wa mji ule ambao mpaka leo wanasema sawa, ni damu, lakini aliyeiamsha damu ni nani? Binti mmoja wa Masele alikataa kamera mwaka baada ya mwaka, na alipokuja alikuwa amechelewa. Mimi ndiye niliyeosha mwili wake. Wala panga lile halikupata mwenyewe. Masele aliwahi kuniambia kwamba hakuliweka yeye, ila alijua lipo na hakulitoa. Alisema hivyo akiwa amenipa mgongo, anafunga ndama.

Ila Bibi alirudi ndani ya boma. Maganga alimjengea nyumba ya bati mkono wa kulia wa mlango wa mji, mahali pa heshima, na Holo akahamishia mafiga yake kwake. Kila mwaka wale wajukuu walipokwenda kwenye kamera, Bibi aliwasindikiza mpaka barabarani, na alikuwa akimuuliza Holo maswali ambayo wauguzi wengine hawaulizi. Aliniomba nimpime na yeye. Nikamwambia, bibi, wewe si wa damu ile. Akasema, "Nimeishi na ile damu kuliko nyie wote. Nipimeni." Tukampima. Alikuwa mzima kabisa.

Alikufa nikiwa nimeshastaafu. Maganga alinipigia simu mwenyewe, nikaenda. Kwetu kwenye mazishi, mnajua, kabla mwili haujashuka mtu wa mji husimama aeleze marehemu aliuguaje. Na mnajua jinsi watu wanavyosogea mbele pale, kila mmoja ametega sikio, anasubiri kusikia jina la aliyemroga. Mji ule ulikuwa umeshazika watu wengi, na kila kaburi lilikuwa limefungua kesi.

Maganga alisimama juu ya udongo. Alikuwa amenenepa, na mvi zimemwanza kichwani, mvi ambazo babu yake hakuzipata. Alitaja jina la bibi yake, akataja kwao Ushirombo, akataja watoto aliowazaa na waliomtangulia. Watu walisubiri.

"Bibi alikuwa amechoka," akasema. "Juzi alikula, akaoga, akalala, hakuamka. Bibi yetu amekufa kwa uzee."

Akashuka, akachukua jembe, akaanza kufukia. Sikumsikia mtu hata mmoja akiuliza.